Mwalimu, Geukia Ukutani

Mnaonifuatilia mnajua nilikoangukia. Mliochelewa sogeeni niwaelezeni upesi, maana leo sina pumzi ya kurudia yote.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nilikuwa. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya daktari na kumpa vyombo: kisu, mkasi, koleo, sindano. Kisha mgongo ukanisaliti. Pingili moja ilitoka mahali pake, mguu wa kushoto ukawa unakufa ganzi bila taarifa, na siku moja katikati ya upasuaji niliangukia meza ya vyombo nikaisomba yote mpaka sakafuni. Mgonjwa alipona. Niliyezikwa ni mimi. Wakanihamishia stoo ya mashuka, nikapanga mito mpaka nikaanza kuiota, ndipo nikaomba kazi ya kufundisha chuo cha uuguzi. Wakanipa muhula mmoja wa majaribio.

Muhula huo mmeusoma wenyewe. Wanafunzi walinicheka sauti ilipokuwa ikitetemeka, nami nikalia chooni huku bomba limefunguliwa wasinisikie. Wiki iliyopita mambo yakageuka: darasa langu zima lilifaulu mazoezi ya vyombo, hakukosa hata mmoja, na ninyi niliwaacha nikikimbia nyumbani kumwambia mama kwamba hatimaye nami ni mwalimu.

Ningejua, nisingekimbia.

Asubuhi yake Mkuu wa chuo aliingia chumba cha mazoezi bila kubisha. Ni mama mtu mzima, mkunga wa zamani, mfupi, na akikutazama unakumbuka dhambi zako zote hata ulizosingiziwa.

"Nasikia darasa lako halikosi," akasema. "Nimekuja nami nishangae."

Nikamkaribisha kwa tabasamu. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha kijani, vyombo vimepangwa juu yake. Kitandani amelala mgonjwa wetu wa plastiki asiye na miguu. Wanafunzi wanamwita Shemeji, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na kila siku yupo.

"Nani aanze?" Mkuu akauliza.

Nikamwita Bubu. Msishangae jina, wenzake ndio waliompa. Ni binti mrefu, mpole, hasemi mpaka aulizwe mara mbili. Mwenyewe hakulikataa jina hilo, maana kulikataa kungemlazimu kusema.

Mkuu akajifanya daktari. Akanyoosha kiganja. "Koleo."

Koleo likatua.

"Mkasi." Mkasi. "Kishikio cha sindano." Kikatua. "Kisu kidogo." Kikatua kwa mpini, kama nilivyofundisha.

Nilisimama upande wa pili wa meza, mikono nimeifumbata, moyo umejaa. Nikajisemea, haya, nani aliyesema sifai?

Mkuu akashusha kiganja. Akamtazama Bubu. Akanitazama mimi. Akamtazama Bubu tena.

"Mwalimu," akasema, "geukia ukutani."

"Samahani, Mkuu?"

"Ukuta huo hapo. Uutazame kidogo."

Nikageuka. Ukutani kulikuwa na picha ya namna ya kunawa mikono, ile inayoanzia kwenye kucha na kuishia kwenye viwiko. Nikaanza kuisoma kama siijui.

"Koleo," Mkuu akasema nyuma yangu.

Chuma kikagusana na chuma, mtu anapapasa.

"Hiki ni nini, binti yangu?"

"Koleo," Bubu akanong'ona.

"Hiki ni mkasi."

Akaitwa mwingine. Naye akampa Mkuu kishikio cha sindano badala ya koleo. Wa tatu akaanza kucheka, ule mcheko wa mtu anayezama, na kitu kikamponyoka kikalia sakafuni. Nilikuwa bado kwenye viwiko.

"Tokeni wote," Mkuu akasema. "Shemeji abaki."

Hata yeye ana utani wake, ila siku ile haukunichekesha.

Mlango ulipofungwa akavuta kiti akaketi. "Ulikuwa unawaonyesha kwa macho."

"Haki ya Mungu, Mkuu, sikuwaonyesha!"

"Najua hukukusudia. Ndiyo maana nauita ugonjwa, siuiti uhuni."

Nikataka kubisha. Kisha nikaelewa.

Ndani ya chumba cha upasuaji kila mtu amefunika mdomo. Tunasemezana kwa macho. Daktari anatazama mshipa, mimi natazama koleo, na kabla hajatamka koleo limeshafika kiganjani. Ndivyo nilivyosifiwa miaka yote. Kwetu sisi kusubiri kuombwa ni aibu. Sasa kumbe kila ninapolisikia jina la chombo, macho yangu yanakirukia chenyewe. Na wanafunzi si wajinga. Waliacha kutazama meza wakawa wananitazama mimi.

Hawakujifunza vyombo. Walijifunza uso wangu.

"Wewe huwafundishi," Mkuu akasema taratibu. "Unawahudumia. Ulikuwa mhudumu bora kuliko wote, na ndiyo taabu yako. Nikuulize swali moja, walimu wote nawauliza hilo hilo. Akilala mtu wako mezani, ungekubali Bubu ndiye asimame na daktari?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Neno likagoma.

"Hapana," nikasema.

"Basi umejipima mwenyewe." Akainuka. "Ijumaa nitawapima upya. Wewe utakuwa nje ya mlango. Ikiwa hakuna anayejua, tutaagana kwa heshima."

"Mkuu, hospitali hawanitaki. Hata stoo ya mashuka wameshampa mwingine."

"Najua," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ikalainika. "Ndiyo maana nimekupa mpaka Ijumaa badala ya leo."

*

Nyumbani nilimkuta mama kwenye kochi, mkono mmoja ameuweka chini ya tumbo. Mdogo wangu wa kiume alikuwepo pia, amekuja kula kama kawaida yake. Anauza magodoro na mambo yake si mabaya, lakini sufuria ya mama ndiyo anayoiamini.

"Umefukuzwa?" mama akauliza kabla sijavua viatu. Uso wangu, kama mnavyoona, hauna siri.

"Bado."

"Basi kula kwanza. Kufukuzwa na njaa kwa pamoja ni uroho."

Nikawaeleza. Mdogo wangu akasikiliza mpaka mwisho huku anatafuna.

"Dada, nikwambie ukweli? Wewe si mwalimu. Kuna watu wa kufanya na kuna watu wa kufundisha. Mgongo umeondoka na kazi yako, kubali yaishe. Njoo dukani. Magodoro hayajui kama umekosea, na ukichoka unalala papo hapo kwenye bidhaa."

"Nyamaza," mama akasema. "Mwanangu alikuwa anampa daktari visu, leo akauze magodoro?"

"Alikuwa, mama. Alikuwa!"

Lile neno lilinichoma. Nikainuka nikaingia chumbani. Nilipopita nilimwona mama amekunja uso, anaubonyeza ule uvimbe wake wa kinena anaouficha kwa khanga.

"Mama, unauma?"

"Gesi tu. Nenda kapumzike."

Mimi ni muuguzi, jamani. Ngiri ya mama yangu naijua kuliko ninavyoijua sura ya jirani, na tulishamwambia ikatwe akakataa. Siku nyingine ningemlaza chali nikaigusa. Siku ile nilijali maumivu yangu tu, nikapita.

Chumbani nikapanga kijiko, kitana na penseli juu ya kitanda. Nikasimama mbele ya kioo nikajitamkia: "Kitana." Macho yakaruka. "Kijiko." Yakaruka. Nikajaribu kuyatuliza kama mtu anayemtuliza mbwa, nikatamka tena polepole. Yakaruka.

Nikaketi sakafuni nikalia. Nililia kwa sababu mdogo wangu alikuwa amesema kweli. Ukinitoa kwenye ile meza ya kijani, mimi ni nani? Mtu mzima mwenye mguu wa kuazima na macho yenye umbea. Nilitamani nisiamke kesho, si kwamba nilitaka kufa, nilitaka tu kesho ipite bila mimi.

Ndipo nikaiona bandeji kwenye droo iliyo wazi.

*

"Mwalimu, umeumia?" wanafunzi wakauliza waliponiona nimejifunga bandeji usoni, kutoka paji mpaka puani.

"Leo mimi ni kipofu," nikasema. "Nitanyoosha mkono, nitataja chombo, mtanipa. Na mkinipa mtalitaja jina lake kwa sauti, maana siwaoni."

"Tunacheza kibe, tujifiche?" mmoja akauliza, darasa likaangua kicheko.

"Cheza, ila usikosee."

Walikosea. Yule mchekaji alinipa koleo la kubania vitambaa likiwa wazi, likaning'ata kiganja mpaka damu ikatoka. Mwingine akanipa kisu kwa makali, shukuru Mungu kilikuwa butu. Walipotea kama kuku gizani. Nami nyuma ya bandeji nilikuwa napigana na mikono yangu mwenyewe, ilitaka kwenda mezani iwachagulie. Nikaikalia.

Zamu ya Bubu ikafika.

"Koleo," nikasema.

Kitu kikatua kiganjani. Kilikuwa koleo kweli, nililijua kwa uzito. Ila hakusema kitu.

"Nini hiki?"

Kimya.

"Binti, ukitikisa kichwa sikuoni."

Wenzake wakacheka, mimi nikasikia viatu vikikimbia na mlango ukibamizwa. Nilivua bandeji nikamfuata. Alikuwa chooni kwangu, pale pale ninapolilia mimi, na bomba amelifungua.

"Funga maji," nikamwambia. "Ujanja huo ni wangu."

Akafunga. Akatazama vidole vyake, kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia.

"Mwalimu, nikilitaja jina nikakosea, watu wote watasikia."

"Ndiyo maana tunalitaja. Ukikosea kwa sauti, mwenzio atakurekebisha. Ukikosea kimya kimya, anayelipa ni aliyelala mezani. Hata chombo kikikuponyoka, unasema papo hapo, 'Kimeanguka!' Huinami, hukiokoti, huoni haya. Unasema, watu wanajua, kazi inaendelea."

"Wewe hukuwahi kuogopa?"

Ningeweza kumdanganya. Mwalimu mzuri labda angemdanganya.

"Ninaogopa sasa hivi," nikasema. "Ijumaa mkishindwa, mimi sina pa kwenda. Nyumbani wanasema si mwalimu, na sijapata cha kuwajibu. Naogopa mpaka usingizi umenikimbia. Lakini nimejifunga kitambaa nikanyoosha mkono, maana nisiponyoosha hata chombo kimoja sitakipata."

Bubu akajifuta uso kwa mkono wa sare. Akarudi darasani mbele yangu.

Nikajifunga upya. "Koleo."

Likatua. Kisha sauti, nyembamba, imekwaruza, imetoka mbali: "Koleo."

"Mkasi."

"Mkasi."

"Kishikio cha sindano."

Hapo nikasikia chuma kikigonga sakafu. Nikangoja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko upasuaji wowote nilioshiriki, ule ungojaji.

"Kimeanguka," Bubu akasema. "Kimeanguka, Mwalimu! Nachukua kingine."

Bandeji ilinisaidia. Hawakuniona nikilia.

*

Ijumaa nilisimama nje ya mlango kama mume wa mzazi. Mdogo wangu alinipigia simu kuniambia kwamba mama hakula, nikamjibu kwamba gesi humsumbua hivyo, nikakata. Nakumbuka nilivyokata upesi.

Mlango ukafunguliwa.

"Wengi bado," Mkuu akasema. "Lakini Bubu amepita. Na ana sauti, kumbe! Jumatatu anakwenda hospitali kusimama chini ya yule aliyeshika nafasi yako. Nitasikiliza atakavyofanya huko kwanza. Akisimama yeye, na wewe umesimama. Akianguka..."

Akafunga mlango.

Nikarudi nyumbani nikijiuliza kama nicheke au nifunge mizigo. Kazi yangu yote ilikuwa imewekwa mikononi mwa binti aliyejifunza kusema juzi. Mama akaniuliza amepita nani, nikamwambia. Akacheka, kisha akashika tumbo, akasema kicheko kimemchoma.

Jumatatu ikapita salama. Jumanne nikiwa darasani, bandeji usoni, mkono nimeunyoosha, simu ikalia mfukoni.

"Dada! Mama anatapika vitu vya kijani, tumbo limekuwa gumu kama ubao! Nimempakia kwenye gari la magodoro, tuko njiani hospitali!"

Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilimsaidia kuficha.

Nilikimbia. Mwenye mgongo kama wangu hapaswi kukimbia, achilia mbali kupanda ngazi za hospitali mbili mbili, lakini nilizipanda. Nilifika kwenye ule mstari mwekundu uliochorwa sakafuni mbele ya chumba cha upasuaji, mstari ambao asiyevaa mavazi ya ndani havuki. Miaka yote nilikuwa upande wa pili wake. Nikasimama huku, kando ya mdogo wangu na mama aliyelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, midomo imemkauka.

Daktari akatoka. Tulimwita Jiwe, kwa sababu hajawahi kutikisika. Aliponiona akashusha pumzi.

"Sista! Mungu kakuleta. Ngiri imejikaza, utumbo umebanwa na umeanza kufa. Tunapasua sasa hivi."

"Unasimama na nani?"

"Mwenzako yuko chumba cha pili, kuna mzazi anatokwa damu, hawezi kumwacha. Nimebaki na mwanafunzi wako." Akasita. "Au wewe. Mavazi yako ya zamani bado yapo. Vaa, nawa, ingia. Habari ya kwamba ni mama yako tutaizungumza akishapona."

Mtanisamehe kwa hili ninalowaambia. Nilifurahi. Mama yangu amelala pale anakufa, na mimi nikafurahi kwamba kuna mahali duniani bado ninahitajika.

"Ingia, dada!" mdogo wangu akanishika mkono. "Unangoja nini? Mama ni mama! Utamwachia mwanafunzi?"

"Si ulisema kazi yangu imekwisha?"

"Nilisema upuuzi! Ingia!"

Nikainua mguu wa kushoto nivuke mstari. Haukuja.

Nikajifinya paja. Hakuna kitu. Nikajifinya tena kwa kucha, kwa nguvu zangu zote. Lilikuwa paja la mtu mwingine. Zile ngazi zilikuwa zimeuua mguu, na nilijua mwisho wa mguu huu kwa sababu nilishauona: meza nzima sakafuni, na safari hii aliyefunuliwa tumbo ni mama.

"Daktari," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "mimi siwezi kusimama."

Jiwe akanitazama miguuni, akaelewa. "Basi ni yeye. Lakini uniambie wewe, maana ni wako. Anajua?"

Swali lile lile. Mkuu aliliuliza nikasema hapana, na ilikuwa wiki moja tu nyuma. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, na mimi janga langu ni binti niliyemfundisha kwa mikono yangu, nikampa na sauti.

Mama akafumbua macho. "Ni wewe utakayempa visu?"

"Hapana, mama. Ni mwanafunzi wangu."

"Yule anayesema siku hizi?"

"Ndiye huyo."

"Ulimfundisha vizuri?"

Nilitaka kumwambia kwamba sijui. Kwamba sijawahi kujua. Kwamba kila asubuhi niliingia darasani nikiwa mwizi aliyevaa koti la mwalimu.

"Nimemfundisha, mama," nikasema.

Mama akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea chenji yake sawa, wakamsukuma. Kitanda kikavuka mstari. Magurudumu yakalia kwenye kizingiti.

Kwa ndani, nyuma ya kioo cha mlango, Bubu alikuwa amekwisha nawa. Mikono ameiinua mbele ya kifua, maji yanamchuruzika kwenye viwiko, barakoa imemfunika mpaka chini ya macho. Aligeuka kuusukuma mlango kwa mgongo, kama tunavyofanya sote ili mikono isiguse kitu, na hapo akaniona.

Macho yetu yakakutana. Alikuwa anauliza. Anatafuta usoni kwangu kile alichokizoea, jibu la bure. Nami nililiona jibu likinipanda, macho yakitaka kuruka kumwelekeza: meza iko kushoto, koleo la kwanza, usisahau, usiogope.

Nikafumba macho.

Nikayafumba kwa nguvu mpaka yakauma. Niliposikia mlango umejifunga, sikuyafumbua.

"Dada, unafanya nini?" mdogo wangu akalia.

"Nasikiliza. Kaa kimya."

Nikauegemea ukuta. Milango ile haina unene wowote, ukiijua unasikia kila kitu. Nikasikia mashine ikihesabu mapigo ya mama. Nikasikia nusukaputi ikimchukua, pumzi zikawa za kupimiwa. Nikasikia Jiwe: "Kisu."

"Kisu," sauti nyembamba ikajibu.

Mdogo wangu akanikamata bega. Nikatikisa kichwa, ngoja.

"Koleo."

"Koleo."

"Jingine."

"Koleo."

Vizuri, binti yangu. Vizuri. Machozi yalikuwa yananipita kwenye kope zilizofungwa na sikuyafuta. Kwa mara ya kwanza tangu nilipoiangukia ile meza, nilijiona nimesimama.

Kisha mashine ikabadilisha mwendo. Jiwe akasema kitu kwa haraka, chini chini, na asiyetikisika akapaza sauti: "Mkasi! Upesi!"

Chuma kikagonga sakafu.

Nilijua sauti hiyo. Nilijua pia neno linaloifuata, neno moja tu, nililomfundisha mimi. Nikatega sikio. Ndani kila kitu kilisimama kulingoja.

"Nini hicho?" Jiwe akauliza. "Sista mdogo, nini kimeanguka?"

Bubu hakujibu.